Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kuunda muscle car ndogo huku siku zinahesabika

Tangu nimpelekee mjomba ile Dodge Charger ya mezani siku ya kuagwa kwake kazini simu haipoi. Kila mtu ana shemeji anayeoa au bosi anayestaafu na anataka kujua inachukua siku ngapi, so nimeamua kuandika mara moja hapa, akiniuliza mtu namtupia asome mwenyewe. Mi sio fundi wa kusomea. Haya ni magari madogo ya plastiki yanayokuja vipande vipande kwenye boksi, naundia kwenye meza ya chakula Tabata nikitoka kazini, na nilizoharibu ni nyingi kuliko nilizomaliza.

Inachukua siku ngapi mpaka iishe?

Wiki tatu kama unafanya jioni jioni na wikiendi. Najua umeona video mtu anamaliza kwa dakika kumi na mbili, ile imekatwa, hujaonyeshwa siku alizokaa anaangalia rangi ikikauka.

Na hapo ndo ishu yote ilipo. Kazi ya mikono yenyewe sio kubwa, kwangu ni kama masaa thelathini tu, kinachokula siku ni rangi. Rangi haijui kama Jumamosi una shughuli. Unaweza ukakesha ukamaliza injini usiku mmoja lakini bodi huwezi kuikesha, ukiishika kabla haijakauka ndani inabaki na alama ya dole gumba lako kama kitambulisho cha taifa. Kwahiyo mi sihesabu kwenda mbele, nahesabu kurudi nyuma. Shughuli Jumamosi, Ijumaa siigusi gari kabisa, Alhamisi naweka vioo na bampa, Jumatano napiga polishi, na kabla ya hapo klia (ile safu ya juu isiyo na rangi, ya kung'arisha) lazima iwe imekaa siku nne tano bila kuguswa, kabla ya klia stika zimekaa siku nzima, kabla ya stika rangi imekaa siku mbili tatu, kabla ya rangi praima (rangi ya chini ya kushikia) siku moja. Hesabu mwenyewe uone umebakiwa na nini. Ukikuta tarehe ya kuanza ilikuwa juzi, ruka mpaka swali la klia.

Muscle car ni gari gani hasa? Mustang imo?

Wazee wa Marekani watagombana hapa mpaka asubuhi. Mapishi ya asili ni kuchukua gari ya saizi ya kati ya kawaida, ya baba mwenye familia, afu unaibandika injini kubwa ya V8, yaani ya silinda nane. Wengi wanaanzia kwenye Pontiac GTO ya 1964. Baada ya hapo zikaja Plymouth Road Runner 1968, Charger zile, Chevelle SS ya 1970 ambayo injini yake ya LS6 iliandikwa nguvu za farasi 450, mpaka bima, sheria za moshi na shida ya mafuta ya 1973 zikaua mchezo. Mustang ilitoka Aprili 1964 na wenyewe wanaiita pony car, bodi yake ni ndogo zaidi, ila ukiniletea Mustang Boss 429 ukaniambia sio gari ya misuli ntakuangalia tu.

Skeli ya 1:24 na 1:25 zina tofauti gani?

1:25 maana yake gari halisi ni refu mara 25 kuliko hii yako, 1:24 ni mara 24. Kwa macho hamna tofauti. Kampuni za Marekani kama AMT na Revell gari hizi wanazitoa zaidi kwa 1:25, Wajapani kama Tamiya na Fujimi wanapenda 1:24. Charger ya 1969 ina urefu wa kama mita 5.3, kwahiyo kwa 1:25 unapata sentimita 21 hivi, inakaa vizuri juu ya kabati la tivii. Tofauti utaiona ukitaka kuchomoa rimu za boksi hili uzipeleke kwenye boksi lile, hapo pima kwanza.

Boksi napata wapi Dar?

Kuagiza tu, au mtu anayetoka safari akubebee, ambayo mi ndo napenda. Kwenye maduka ya vichezeo Kariakoo utakuta magari ya chuma yaliyokwisha kuundwa, hayo sio haya, ingawa ukiwa umebanwa kabisa na siku unaweza ukanunua moja la chuma ukalivua rangi na kulipaka upya, sitakuhukumu.

Usipange dedilaini kabla boksi halijafika mkononi. Yaani usimwahidi mtu kitu ambacho bado kipo angani.

Halafu makopo ya spray na gundi za kuyeyusha huwa hazipandi ndege kwa posta sababu zinashika moto, so hata ukipata boksi, vitu vya majimaji vyote tafuta hapa hapa mjini.

Vifaa je? Nimeona wazungu wana meza nzima ya vifaa

Achana nao. Nenda duka la vipodozi na saluni. Kikatio cha kucha kinatoa vipande kwenye fremu (vile vijiti vya plastiki vinavyovishikilia kwenye boksi) bila kuving'oa, zile bafa za kucha za kung'arishia zinafanya kazi ya msasa laini kuliko kitu chochote nilichowahi kununua, na ile mashine ya kucha ya kuzunguka inatoboa matundu madogo vizuri ukiiweka spidi ya chini (spidi kubwa inayeyusha plastiki, niulize mimi). Famasi unachukua bomba la sindano la kupimia rangi na thina, na glovu. Stationery unachukua kisu cha kukatia karatasi na maka peni ya rangi ya fedha. Msasa wa maji namba 600, 1000, 1500 na 2000 upo kwa wauza rangi za magari. Na vijiti vya mishikaki, nunua fungu zima, kila kipande kidogo unakibandika kwenye kijiti kwa gundi ya karatasi ile ya bluu afu unachomeka vijiti kwenye boksi la viatu kama bustani, unapiga rangi vyote mara moja bila kuvishika.

Gundi gani?

Plastiki ya hizi boksi ni polistirini, na gundi yake sahihi haibandiki, inayeyusha pande mbili zikaungana zikawa kitu kimoja. Ukiikosa, thina ya NC (ile ya rangi za magari) kidogo sana kwenye ncha ya brashi inafanya kazi hiyo hiyo ila ni kali, jaribu kwenye kipande cha fremu ya kutupa kwanza. Super glue ni kwa kuunganisha chuma na plastiki au pale penye haraka, ila kaa nayo mbali na vioo, mvuke wake unaviacha na ukungu mweupe usiotoka. Kioo kibandike na gundi nyeupe ya mbao, ikikauka inakuwa wazi na ikimwagika unafuta na kitambaa kibichi.

Nioshe vipande? Kweli?

Kweli. Vinatoka kiwandani na mafuta ya kuvitolea kwenye umbo, usipoviosha na sabuni ya vyombo rangi inakimbia inaacha vimatundu kama ndui. Dakika kumi. Kwenye sinki weka chujio la chai, la sivyo saiti mira inaenda kuanza maisha mapya kwenye shimo la maji machafu.

Rangi ya spray ya magari ya kawaida inafaa?

Inafaa, tena ndo natumia, lakini kwa adabu. Thina ya rangi za magari inakula polistirini, ukipiga moja kwa moja bodi inakunjamana inakuwa kama ngozi ya embe lililolala. Lazima praima kwanza, na ipigwe kwa vumbi vumbi, safu nyembamba tatu nne. Jambo jingine watu hawalifikirii: safu ya rangi ya robo milimita kwenye gari yako ndogo ni sawa na milimita sita kwenye gari halisi. Hamna gari imepakwa rangi nene ya milimita sita labda iwe ilishawahi kuwa bajaji. Ukipiga nene mistari ya milango inazibwa na gari inaonekana kama sabuni iliyotumika. Mi kabla ya praima napitisha ncha ya sindano ya kushonea kwenye mistari ya milango na boneti mara kadhaa kuichimba kidogo.

Metaliki za gari kubwa jihadhari nazo, chenga zake kwa skeli hii zinaonekana kama mchanga wa Coco Beach.

Na usichanganye aina ovyo. Rangi ya mafuta ya kawaida ukiipiga juu yake NC, ya chini inavimba na kukunjamana. Kinyume chake kidogo afadhali. Chagua familia moja ukae nayo kuanzia praima mpaka klia.

Mbona rangi yangu imepauka ikawa na ukungu mweupe?

Karibu Dar. Hii ilinikuta kwenye gari yangu ya kwanza yenye dedilaini, Plymouth 'Cuda ya 1970 ya zambarau, zawadi ya harusi ya rafiki, mwezi wa nne, masika imekolea. Nilipiga rangi saa mbili usiku barazani mvua ikiwa imekatika kidogo. Thina ikiwa inaruka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unaganda hapo hapo kama jasho kwenye chupa ya soda, unanasa ndani ya rangi, basi zambarau ikawa kama ubuyu uliomwagiwa maziwa. Nikapaniki nikapiga safu nyingine juu, nene, afu kesho yake klia, afu keshokutwa nikaishika kuweka bampa. Vidole vitano vyote vilibaki pale. Harusini nilienda na seti ya glasi.

Dawa yake sasa: piga kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri siku yenye jua, hewa inakuwa kavu kuliko alfajiri na usiku. Kama ni lazima upige siku ya unyevu, omba muuza rangi thina inayokauka taratibu. Na kama ishapauka usikwangue haraka, subiri siku kavu upige ukungu mwembamba wa thina hiyo ya taratibu, mara nyingi rangi inarudi. Kama una uhuru wa kuchagua tarehe, Juni mpaka Septemba ni raha tupu.

Nawezaje kuikausha haraka? Nimebakiwa na siku tisa

Usiiweke juani kwenye dashibodi ya gari. Jamaa yangu aliweka, paa likalala kama mkate wa kumimina uliokosa hamira. Plastiki hii inaanza kulegea kabla hata maji hayajachemka.

Mi jirani yangu anaangua vifaranga. Mashine ya kuangulia inashika nyuzi 37 na nusu mchana na usiku, joto tulivu haliunguzi kitu, na ilikuwa inapumzika wiki moja bila mayai. Nikatoa maji ya chini (yale yanaongeza unyevu, sisi hatuutaki), nikaweka bodi ya Charger juu ya chupa, nikafunga. Klia ambayo ingekaa siku nne tano ikawa tayari kwa polishi ndani ya siku mbili. Alinidai soda mbili tu na hadi leo ananiuliza kama gari liliangua.

Huna jirani wa vifaranga, chukua boksi la katoni, toboa tundu, ning'iniza balbu ya zamani ya waya ya wati 40, ile inayotoa joto, mbali na bodi, weka kipimajoto, ikizidi 45 fungua mfuniko kidogo. Usiiache usiku umelala. Umeme ukikatika, na utakatika siku hiyo hiyo, wala usijali, beseni la plastiki lililogeuzwa juu linazuia vumbi mpaka urudi.

Kujua imekauka kweli: inuse. Kama bado unasikia harufu ya thina puani, ndani bado mbichi hata kama juu ni ngumu.

Klia ya 2K si inakauka haraka zaidi?

Ndio, kwa sababu 2K ni ya vitu viwili, inakauka kwa hadina (dawa ya kuigandisha unayochanganya nayo), sio kwa kusubiri thina iruke, na kwa mwenye siku chache ndo njia ya mkato ya kweli. Lakini hadina yake ina sumu ya mapafu, barakoa ya kitambaa haisaidii kitu. Mpelekee fundi wa rangi za magari mwenye barakoa ya vichujio, akimaliza kupiga gari ya mteja akupigie na yako na mabaki ya bunduki, dakika mbili. Mwambie nyembamba. Mwambie tena nyembamba. Wamezoea bodi za Noah.

Wakati bodi inakauka nafanya nini?

Kila kitu kingine. Ndo maana bodi inaanza kwanza kabisa, siku ya kwanza, wakati karatasi ya maelekezo inakwambia uanze na injini. Ipuuze. Mtu akifuata karatasi anafika kwenye rangi ya bodi zikiwa zimebaki siku nne.

Injini ndo sehemu ninayoipenda. Rangi yake usibahatishe, wajuzi wataangalia hapo kwanza: Hemi 426 (ya Dodge na Plymouth) na Chevrolet ni machungwa (sio machungwa yale yale), Ford za kuanzia 1966 ni bluu. Kisha waya za plagi, hizi kwenye boksi nyingi hazimo na ndo zinafanya mtu aseme duh. Chukua kipande cha waya wa simu au wa intaneti, ndani kuna nyaya nyembamba, unahitaji tisa: nane za plagi na moja ya koili. Toboa distributa (kile kinachogawa umeme kwa plagi), ingiza, elekeza kila mmoja. Distributa ya Chevrolet inakaa nyuma ya injini, ya Hemi 426 inakaa mbele, ukikosea hapo umekosea. Mpangilio wa silinda kuwaka kwa zote mbili ni 1-8-4-3-6-5-7-2, ingawa nakubali kwa skeli hii hamna atakayekuja na tochi kuhesabu. Mimi nilihesabu. Nilikuwa nasubiri klia.

Kastomu gani naweza kufanya bila kuchelewa?

Kubadili rimu, kushusha au kunyanyua gari, tundu la hewa juu ya boneti, rangi, mabomba ya pembeni. Hizo fanya. Kukata paa kulishusha, au kufanya milango ifunguke, huo ni mradi wa mwezi mzima na fila zake (uji wa kuziba mapengo), usiuguse ukiwa na tarehe.

Mkao wa gari ndo unabadilisha sura kuliko vyote. Za miaka ile vijana walinyanyua nyuma na pua ikainama, ukiziweka sawa sawa zinakuwa za babu. Kabla ya kugundisha ekseli bandika tairi kwa kipande cha plastisini, weka bodi juu, rudi nyuma hatua mbili uangalie. Tairi ikigusa ukingo wa tope sasa hivi ni dakika tano, baada ya gundi ni machozi.

Usukani upo kushoto, uache hapo. Mmoja alitaka nimhamishie kulia "kama za kwetu", dashibodi nzima ingebidi ikatwe. Hapana. Ila kwa mjomba niliweka maandishi madogo kwenye kioo cha nyuma kama ya daladala, MKWE HAPANDISHWI BURE, nilichapa kwenye karatasi ya stika nikaikata na kisu. Watu walicheka hiyo kuliko walivyoona waya tisa zangu.

Kromu ya boksi inang'aa kama kichezeo, nifanyeje?

Kwenye shoo ya mbele tiririsha rangi nyeusi iliyozimuliwa, futa ya juu, ya kwenye mashimo ibaki. Basi. Kama kromu ina mstari wa kiwandani mbaya, iloweke kwenye maji ya kuondoa madoa ya kufulia nguo nyeupe, inatoka yote, kisha paka fedha. Vaa glovu, na usichanganye maji hayo na dawa nyingine yoyote ya chooni.

Stika zimejikunja

Stika za boksi ni za kulowekwa: maji ya uvuguvugu, subiri iteleze yenyewe, usiivute. Sehemu yenye kona paka siki nyeupe kidogo na brashi, inalainika inalala. Kesho yake ndo klia, na safu ya kwanza iwe vumbi tu.

Nimeharibu rangi, natoa vipi bila kuyeyusha bodi?

Sio thina! Mafuta ya breki ya DOT 3, loweka usiku, asubuhi sugua na mswaki wa zamani. Rangi nyingine zinagoma, NC hasa. Kabla hujaamua kuvua, jiulize kama msasa wa 2000 na kompaundi haviwezi kuokoa. Kidole changu kimoja kwenye buti la Charger kilitoka hivyo.

Unaipelekaje ukumbini bila kuvunjika?

Mi nilipanda mwendokasi Ijumaa mchana, sio jioni. Boksi la viatu, gari haikai juu ya tairi, chasisi inakaa juu ya vipande viwili vya godoro ili ekseli zisibebe uzito, uzi unapita juu ya bampa mbili sio juu ya paa, na vioo usivifunike na nailoni, joto likipanda inanata. Bodaboda hapana.

Kwenye boksi nyingine nilibeba kibano, gundi nyeupe na vijiti vya meno, na nilivitumia, saiti mira ya kushoto ilikuwa imedondoka nikairudisha nje ya ukumbi juu ya boneti ya gari ya mtu. Ya kulia sikuwahi kuiona tena tangu Jumanne ile ilipotoka kwenye kibano ikaruka, nilifagia chumba mara tatu. Nikaiegesha gari mezani upande wa kulia ukiangalia ukuta. Mjomba mpaka leo ameiweka hivyo hivyo kwenye kabati lake.